Kijiko Kikavu

Tanga, Jumapili 17 Novemba 2024

Nimerudi kutoka soko la Ngamiani na kilo 12 za maembe mabichi, yale ya mwanzo wa msimu ambayo ukiyagonga kwa ukucha yanajibu kama mti. Muuzaji akaniuliza kama nina shughuli nyumbani. Nikamwambia ni achari tu. Akaongeza mawili juu.

Shangazi aliacha baraza yake, akaja kukaa uani kunisimamia. Macho yamepungua, ila akisikia kisu anajua kipande kikoje. "Hicho kinene," anasema, nikikitazama ni kinene kweli. Tumekata bila kumenya, maana ganda ndilo linalokishika kipande kisije kikawa uji ndani ya mafuta.

Kwenye chumvi ndipo nilipomvizia. Miaka 26 nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari, na mkono wangu haujiamini bila mizani. Wake haujawahi kuihitaji. Kila sinia la maembe anatia konzi mbili za chumvi ya mawe, basi. Leo niliweka mizani ya jikoni chini ya sinia bila kumwambia. Sinia la kwanza, kilo 2.4 za maembe: konzi ya kwanza gramu 59, ya pili 61. Sinia la pili: 60 na 60. La tatu: 61 na 58. Hiyo ni asilimia 5 ya uzito wa maembe, sinia baada ya sinia. Chumvi ya kiasi hicho hulitoa embe maji yake, huwabana bakteria wa kuozesha na kuwaachia nafasi wale wa uchachu. Nilikuwa na vitabu vya kunieleza hayo. Yeye alikuwa na mama yake.

Nilipomwonyesha namba akakunja uso. "Kwani ulidhani natia ovyo?"

Jumatano 20 Novemba

Mvua ya vuli. Nilikuwa Chumbageni kufuata vifuniko, wingu likapanda kutoka baharini saa nane mchana. Jirani wa mlango wa pili aliwahi nyungo mbili za maembe niliyoyaanika, wa tatu ulilowa upande mmoja. Nimeyarudisha juani saa tisa na nusu, jua lenyewe la kuchechemea.

Shangazi alishasema tangu wiki iliyopita: achari ingoje kaskazi. Mimi nina watu wanaotaka chupa zao kabla ya Krismasi.

Jumapili 24 Novemba

Leo nyumba nzima inanukia, na kanga niliyovaa itanukia hata baada ya kufuliwa mara mbili.

Nilianza na haradali, kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka mbegu zikaanza kuruka. Kisha binzari nyembamba na giligilani. Uwatu nimeukaanga peke yake, nikiuangalia kama mtoto aliye karibu na kisima, kwa sababu ukipita rangi ya dhahabu ukafika ya kahawia, uchungu wake hauondoki tena. Mvuje kidogo, wa kuingia kwenye ncha ya kisu. Manjano, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili kichaa niliyoitwanga mwenyewe kinuni. Mafuta ya alizeti niliyachemsha yakatoa moshi mwembamba, nikayaacha yapoe kabla ya kumwagia viungo. Wahindi wengi hutumia mafuta ya haradali. Hapa kwetu alizeti inapatikana, na ladha yake haisukumi ladha ya embe.

Neno lenyewe achari limetoka Uajemi likapitia Bara Hindi, likaja huku na majahazi. Pilipili iliyo ndani yake asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio waliowahi kuitawanya katika bahari hii yetu. Kabla yao, ukali wa vyakula vya pwani ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi. Huwa nafikiria hayo nikitwanga.

Kabla ya kujaza nilichovya karatasi ya kupima asidi kwenye mchuzi wa embe. Rangi ikakaa kati ya 3 na 4, karibu na 3.5. Mpaka ninaouheshimu ni 4.6. Chini ya hapo, yule bakteria wa botulinum anayetengeneza sumu ndani ya chupa isiyo na hewa hawezi kuota. Juu ya hapo siwezi kulala.

Zimetoka chupa 20 za gramu 350. Nikazipanga mezani, nikafurahi, nikamwita Shangazi. Akazipapasa vifuniko kimoja kimoja.

"Za nani zote hizi?"

"Za kuuza, Shangazi."

Akakaa kimya kwanza. "Achari haiuzwi, mwanangu. Achari hupelekwa."

Najua anachokisema. Nilikua nikipeleka. Bakuli limefunikwa kawa, mama ananihesabia nyumba kwa vidole: kwa bibi wa kona, kwa mwalimu wa madrasa, kwa mama wa Kimakonde aliyetukatia uzi siku ya msiba. Na bakuli halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na visheti, na ndizi mbivu, na siku ambayo mwenye nyumba hakuwa na kitu lilirudi na chumvi. Lakini binti yangu yuko chuo mwaka wa pili na ada haipokei visheti. Hilo sikulisema kwa sauti.

Jumapili 8 Desemba

Chupa 6 kati ya 20 zimeota ukungu.

Naandika ili nisijidanganye baadaye. Zote 6 ni za ungo wa tatu, ule uliolowa. Nilizitia alama kwa kalamu chini ya chupa, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha. Vipande havikukauka sawasawa, vikatoa maji ndani ya chupa, vikapanda juu ya mafuta. Kipande kinachochungulia juu ya mafuta ni kipande kilichokwisha kuoza, kinachongoja ni siku tu.

Jirani akasema nikwangue juu, chini pazima. Hapana. Ukungu hula asidi. Pale ulipoota, ile 3.5 yangu haiko tena, inapanda kimyakimya, na kijiko hakioni. Nimechimba shimo nyuma ya mgomba nikafukia zote. Kilo mbili na zaidi, na kazi ya siku nane.

Shangazi hakuniambia "nilikwambia". Alisema: "Chupa uzioshe kwa majivu, usizitupe."

Jumapili 15 Desemba

Duka moja la zawadi jijini Dar es Salaam limenipigia. Wanatengeneza makapu ya mwisho wa mwaka, na wameona picha mahali: chupa ndefu, ndani yake vitunguu saumu vizima, pilipili nyekundu na majani ya mrehani, vyote vikiogelea kwenye mafuta. Wanataka 40 kama hizo, kwa bei nzuri. Wanalipa nusu mapema.

Nikamuuliza yule dada: mnataka nitie siki? Akasema hapana, siki inaharibu rangi ya kitunguu.

Nimekataa. Kitunguu saumu hutoka ardhini, na mbegu za yule bakteria ziko ardhini. Juu ya sinki lenye hewa hana nguvu. Mtumbukize kwenye mafuta, mnyime hewa, usimpe asidi, kisha muweke kwenye rafu yenye joto la Dar es Salaam, umemjengea nyumba. Na chupa hiyo haivimbi lazima, hainuki lazima. Mtu anamimina kwenye tambi za watoto wake na kusifu harufu.

Nilimweleza polepole, kwa sauti ya darasani, nadhani ilimchosha. Nikamwambia naweza kumtengenezea pilipili ya siki: pilipili mbuzi, karoti, vitunguu saumu vilivyolala usiku mzima kwenye siki ya asilimia 5, chumvi, mbegu za giligilani. Rangi inabaki, chungwa na nyekundu, ukiiweka dirishani inang'aa. Akasema atanijulisha. Sauti ile hunijulisha tayari.

Hasara ya chupa 6 na sasa oda ya 40. Mwezi mgumu. Lakini nimekula chakula cha usiku vizuri kabisa.

Jumamosi 21 Desemba

Vikapu vyangu vya mwisho wa mwaka vimeondoka leo. Mama anayenisukia ukili ameleta vya mwisho alfajiri, bado vinanukia miyaa mibichi. Kila kimoja: achari ya embe, chatne ya ukwaju na tende, jamu ya nanasi, na kifurushi cha viungo vya pilau kutoka Amani, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Vifuniko nimevifunga kwa vipande vya kanga vilivyobaki kwa fundi cherehani.

Chatne ndiyo inayosifiwa kuliko vyote, na ndiyo rahisi kuliko vyote. Ukwaju na tende na tangawizi na muda. Sina la kuongeza.

Jumamosi 4 Januari 2025

Kijana wa kaunta katika hoteli moja ya Raskazoni ameniita nikamwonyeshe sharubati ya choya. Nimekwenda na chupa mbili. Kijana ana heshima, shikamoo yake haikuwa ya mdomo tu, na anajua kazi. Aliimimina kidogo kwenye bilauri, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nyekundu ile ya choya haina mfano. Nikamwonyesha mchezo niliokuwa nikiwaonyesha wanafunzi: kijiko cha sharubati kwenye maji, kisha chembe za magadi. Wekundu ukageuka zambarau, kisha kijani cha maji ya bwawa. Kisha nikamkamulia ndimu, wekundu ukarudi. Akaita wenzake wa jikoni waje waone.

Nilimweleza pia kwa nini yangu inakaa na ile waliyokuwa wakipika wenyewe ilikuwa inachacha baada ya wiki. Wao hutia sukari sawa na maji. Mimi hutia sukari mara mbili ya maji kwa uzito, kilo mbili kwa lita moja, na choya yenyewe ina asidi yake. Sukari ya kiasi hicho haiwaachii vijidudu maji ya kunywa.

Naye akanifundisha. Alishusha rafuni chupa ndogo ya sosi ya Lea & Perrins, ile ya Worcester, iliyouzwa Uingereza tangu 1837, akaniambia nisome ubavuni. Siki, samaki wadogo wa chumvi, vitunguu, na ukwaju. Ukwaju! Miaka yote naiona supamaketi sikujua. Wanaitia kwenye kinywaji cha nyanya na pilipili. Nikamwambia basi ajaribu chatne yangu, kijiko kimoja, ndimu, chumvi, juisi ya nyanya na barafu. Alijaribu palepale. Alinyamaza, akanywa tena, akaandika kwenye kidaftari chake.

Nimerudi na furaha, nikamsimulia Shangazi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo kaunta, wanachanganyia nini?"

Nikamwambia kweli. Wengine soda, wengine konyagi, wengine jini.

Hakusema kitu tena. Akaomba maji ya kutawadha.

Jumatatu 6 Januari

Sikulala vizuri siku mbili. Neno sharubati limetoka kwenye Kiarabu cha kunywa, na safari yake ni ndefu. Wazungu nao walilichukua, wakalitumia kwa shira, kwa barafu ya matunda, kwa vinywaji vya siki na sukari, na baadaye wakalitia pombe. Mimi si wa kwanza kusimama kwenye njia panda hii na sharubati mkononi. Ila wa kwanza au wa mwisho, mkono ni wangu.

Leo nimekwenda kumwambia kijana uso kwa uso. Nitauza kwa meza ya asubuhi na kwa orodha ya vinywaji visivyo na kilevi. Kwa kaunta ya usiku sitauza, na sitaki tuvunjiane heshima kwa hilo. Alinisikiliza akaitikia kwa kichwa. Oda imeshuka kutoka chupa 24 hadi 10. Kisha akaniomba nimsaidie kupanga vinywaji vyenyewe visivyo na kilevi, maana wageni wasiokunywa pombe hupewa soda tu kama watoto.

Tumekaa saa nzima. Choya, ndimu, tangawizi mbichi iliyokunwa, soda. Ukingo wa bilauri umepakwa ndimu na kuzungushwa kwenye chumvi na pilipili ya unga. Cha pili ni ubuyu uliolowekwa na kuchujwa, asali, iliki moja iliyopondwa, maziwa ya nazi mepesi, barafu nyingi. Hicho cha pili ningekinywa kila siku ya maisha yangu.

Jumapili 12 Januari

Kaskazi imeshika. Upepo mkavu, anga limefagiliwa, jua linatoka asubuhi na kukaa. Shangazi ameamka akisema: "Sasa lete ndimu zako."

Ndimu 300 kutoka Muheza, zile ndogo za ganda jembamba. Nimezifuta kwa kitambaa moja moja. Haziingii maji leo. Kila moja nimeipasua mara mbili kwa msalaba, kisu kikasimama kabla ya kitako, ikafunguka kama ua lenye majani manne. Katikati chumvi na manjano mpaka ikashiba, kisha nikaifumba na kuitumbukiza kwenye chupa kubwa ya kioo. Ninazikandamiza kwa ngumi mpaka maji yao wenyewe yapande na kuzifunika. Haziongezewi tone la kitu kingine. Vidole vyangu vya mkono wa kulia ni vya njano mpaka kwenye kiungo cha pili, na kila kijikwaruzo nilichokuwa sikijui nimekijua leo.

Chupa nne kubwa ziko juu ya ukuta wa uani, midomo imefungwa kitambaa. Asubuhi zinatoka, magharibi zinaingia, kama mbuzi.

Jumapili 19 Januari

Povu dogo kwenye chupa zote nne. Zinafanya kazi. Ganda limeanza kuacha ukijani.

Jumamosi 1 Februari

Mpwa wetu amekuja kutoka Muscat na mkewe. Kiswahili cha watoto wao kina maneno ya Shangazi ambayo watoto wa hapa wameyaacha. Wamekaa siku tatu, na jikoni hakujapoa.

Ametuletea halua ya kwao, bado kwenye bakuli lake la udongo. Shangazi aliikata kwa kijiko, akaiviringisha ulimini, akahesabu: wanga, samli, iliki, zafarani, marashi ya waridi. Halua ya visiwani ni ndugu yake, na mkono uliozifunza zote mbili haukujali bahari. Mpwa akaleta na chupa ya maji ya waridi kutoka Jabal al-Akhdar. Huko wanachuma waridi wakati wa Aprili, wanalitia kwenye tanuru la udongo juu ya moto, mvuke unapanda, unapoa, unadondoka. Maji yao si meupe kama ya dukani. Yana rangi ya chai nyepesi, na nyuma ya waridi kuna moshi. Nilinusa mara ya kwanza nikafikiri yameungua. Mara ya tatu sikutaka kurudisha kifuniko.

Nimetia matone kwenye ubuyu wa leo. Mbegu za ubuyu na unga wake, shira nzito ya sukari, chumvi, pilipili, iliki. Rangi nyekundu natumia choya iliyosagwa badala ya rangi ya dukani. Haing'ai vile, na watoto wa mtaani waliniambia hivyo bila kunificha, lakini mikono yao ilirudi. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa huko kama chakula kipya. Kwetu tumeula tangu enzi na enzi, shuleni tukaficha mbegu mashavuni mwalimu akigeuka ubaoni.

Mpwa anaondoka na chupa 6 za achari. Nimemwambia zote kwenye begi la chini, mezani pa ukaguzi hazipiti mkononi. Nimezifunga kwa nailoni, kisha gazeti, kisha kanzu zake kuukuu. Sikuchukua hela. Alipofungua mkoba nilimtazama tu, akaufunga.

Jumapili 9 Februari

Chupa moja imerudi.

Ilitumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa vizuri, na barua ndani. Mteja ni mama wa makamo, alipewa kikapu kama zawadi ya Krismasi na mwajiri wake. Anaandika kwa upole kwamba achari ilikuwa tamu, walikula nusu, kisha ikaota ukungu, naye anadhani nitapenda kujua.

Niliangalia alama ya chini ya chupa. Ungo wa kwanza, ule uliokauka vizuri. Niliyobakiza ya ungo huohuo iko kabatini hapa, safi kabisa. Nikaifungua yake: mafuta yameshuka chini ya vipande, na juu kuna punje mbili za wali. Basi nikajua. Kijiko kilitoka kwenye sahani, kikaingia kwenye chupa. Kijiko chenye maji.

Nilihisi kama mtu aliyesafishwa jina. Nikamwambia Shangazi: si mimi, ni kijiko chao.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia nini?"

"Kijiko kikavu."

Nikasimama pale na chupa mkononi. Nyumba hii, kabla mtoto hajajua kusema achari, alikuwa amekwisha kupigwa kikofi cha mkono kwa kutia kijiko kibichi. Ndiyo sheria ya kwanza, ya pili haipo. Na kwenye lebo yangu niliandika viambato vyote kwa mpangilio wa uzito, niliandika uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, hata mahali. Hilo sikuliandika. Zamani halikuhitaji kuandikwa, aliyepeleka bakuli alilisema mlangoni: mama kasema kijiko kikavu. Mimi nilituma chupa bila mtoto wa kusema.

Nimemtumia yule mama chupa mbili mpya kwa basi la kesho, na barua ya mkono.

Jumapili 23 Februari

Wiki ya sita. Tumefungua ndimu.

Ganda lililokuwa kijani sasa ni rangi ya asali ya msituni, na ukilibana linakubali. Maji yake yamekuwa mazito, yanavutika kidogo kutoka kwenye kijiko. Ule uchungu wa ndimu mbichi unaoshika nyuma ya ulimi haupo, umebaki uchachu wa duara, na nyuma yake kitu kama jibini, ambacho jua na chumvi vimekitengeneza bila sisi. Nimepima: chini ya 3. Nusu nimeiacha hivyohivyo, nusu nimeikata nikaitia haradali, uwatu, pilipili na mafuta.

Nilimpikia Shangazi wali wa nazi na changu wa kukaanga. Nikamwekea ndimu moja pembeni. Alikata kipande kidogo kama ukucha, akakiweka ulimini, akafumba macho.

"Chumvi ya nani?"

"Yangu. Nilipima."

"Ngapi?"

"Asilimia kumi kwa ndimu."

Akala kipande cha pili. "Konzi nne," akasema, na akarudi kwenye wali wake.

Ramadhani inaingia wikendi ijayo. Oda za futari na za Idi zimefika 64. Kabla ya kuhesabu za kuuza nimetoa chupa 9, nyumba ni 9 siku hizi, na mjukuu wa jirani atazipeleka. Nimemfundisha maneno ya kusema mlangoni.

Alhamisi 27 Februari

Lebo mpya zimetoka kwa mchapaji. Nimezifuata mwenyewe kwa bodaboda, na nilipofika nyumbani sikuvua hata mtandio. Juu kabisa, kabla ya jina la achari: TIA KIJIKO KIKAVU. Chini yake, kwa herufi za kawaida: mafuta yafunike achari wakati wote. Kisha mengine yote yanayotakiwa.

Nilimpa Shangazi moja. Akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akageukia mlangoni kwenye mwanga.

"Hapa juu pameandikwa nini?"

Nikamsomea.

"Vizuri. Lakini mbona mimi sioni?"

"Ni herufi, Shangazi. Ni ndogo kidogo."

"Sasa wazee wenzangu wataonaje?"

Bodaboda alikuwa bado hajaondoka, anahesabu chenji. Nikampandia tena, turudi kwa mchapaji kabla hajafunga.